Viinitete vya samaki wa maji baridi na msongo wa mazingira: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayeuliza "kiinitete cha samaki kinavumilia joto kiasi gani?" au "kinahitaji oksijeni kiasi gani?" hutarajia kupewa namba moja. Namba hiyo haipo. Kabla ya kuuliza maji yana shida gani, uliza kwanza kiinitete, yaani samaki anayejengeka ndani ya yai, kina umri gani: kile kile kilichokufa kwa mtikisiko mdogo leo kingeweza kusafirishwa mamia ya kilomita wiki mbili baadaye. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo. Maji baridi tunayoyazungumzia ni ya mito, maziwa, mabwawa na madimbwi, yawe ya moto au ya barafu.

Kiinitete kinaanzia wapi na kinaishia wapi?

Kinaanza mbegu ya kiume inapoingia kwenye yai. Mwisho wake una ubishi: wengine huweka mpaka pale ganda linapopasuka, wengine pale kifaranga kinapoanza kula. Sisi tunafuata ganda, ila tutavuka mpaka huo kila inapobidi, kwa sababu kifaranga kilichotoka jana bado kinaishi kwa akiba ya kiini cha yai.

Muda wa safari hiyo hutofautiana sana. Kambare wa Afrika (Clarias gariepinus) huanguliwa baada ya takriban siku moja maji yakiwa na nyuzi 28 za Selsiasi. Danio milia (Danio rerio), samaki mdogo anayefugwa katika maabara nyingi duniani, huchukua siku mbili hadi tatu. Samoni wa Atlantiki hukaa ndani ya changarawe ya mto miezi kadhaa ya majira ya baridi. Ukisikia mtu anasema "mayai ya samaki hustahimili hiki au kile" bila kutaja aina ya samaki, endelea na shughuli zako.

Kwa nini yai halivimbi mpaka likapasuka ndani ya maji yasiyo na chumvi?

Ni swali zuri, maana kwa hesabu za kawaida lingepaswa kupasuka. Chumvi iliyomo ndani ya kiinitete ni nyingi mno kuliko ya maji yanayokizunguka. Maji huvutwa kuingia na chumvi huelekea kutoka. Samaki mzima hulikabili tatizo hili kwa figo na matamvua. Kiinitete cha saa moja hakina kimojawapo.

Kinachokiokoa ni utando unaofunika kiini cha yai. Yai likishaguswa na maji na kuamshwa, utando huo huwa mgumu sana kupitisha maji. Maji huingia, lakini huishia katika nafasi iliyo kati ya utando huo na ganda la nje. Nafasi hiyo ina majimaji yenye protini zinazovuta maji, hivyo yai hutuna na kukaza, na ganda nalo hukomaa. Kwa trauti, samaki wa jamii ya samoni, kazi hii hukamilika ndani ya saa chache, na huhitaji kalisi. Maji yenye kalisi kidogo mno huacha ganda laini, na yai laini ni yai la shida.

Baadaye kiinitete hujitengenezea seli maalumu za kusukuma ioni (chembe za chumvi zenye chaji), ziitwazo ionositi. Matamvua yakiwa bado hayajaota, seli hizo hutapakaa kwenye ngozi, hasa ile inayofunika mfuko wa kiini. Zimechunguzwa sana kwa perege wa Msumbiji (Oreochromis mossambicus) na kwa danio milia. Kwa hiyo ngozi ya tumbo la kiinitete ndiyo inayoshika kazi ya matamvua kwa muda.

Ganda la yai linazuia nini, na linashindwa kuzuia nini?

Ganda, au korioni, limejaa vitundu. Kwa danio milia vitundu hivyo vina upana wa takriban nusu ya maikromita hadi 0.7. Bakteria wengi hukwama. Chembe za tope hukwama. Molekuli kubwa hukwama au huchelewa. Metali kama shaba na zinki hunaswa kwa sehemu kwenye ganda lenyewe kabla hazijafika ndani.

Oksijeni, amonia, asidi, dawa nyingi zenye molekuli ndogo na joto hupita. Ganda ni kichujio, si ukuta. Tena lina gharama yake: ni kikwazo kwa oksijeni inayoingia na kwa takataka zinazotoka, na kadiri kiinitete kinavyokua ndivyo kikwazo hicho kinavyouma.

Ni umri upi ambao kiinitete ni dhaifu kuliko wote?

Kwa misukosuko mingi, ni saa au siku za mwanzo, kuanzia mgawanyiko wa kwanza wa seli hadi mwisho wa gastrula, yaani kipindi ambacho tabaka za mwili zinapangwa. Sababu zipo angalau mbili, na ya kwanza haizungumzwi vya kutosha.

Seli ya kawaida ikipatwa na joto kali hufungua jeni za dharura na kutengeneza protini za kujikinga, kama Hsp70, ambazo hushika protini nyingine zisikunjike vibaya. Kiinitete kichanga hakiwezi kufanya hivyo kwa sababu jeni zake bado zimelala. Kila kinachofanyika humo kinaendeshwa na RNA (nakala za maagizo ya jeni) na protini alizoweka mama ndani ya yai. Kwa danio milia, jeni za kiinitete chenyewe huanza kuamka kwa wingi takriban saa tatu baada ya utungisho, kikiwa na seli kama elfu moja. Kabla ya hapo kinaishi kwa urithi wa mama tu. Alichosahau kuweka hakipo.

Sababu ya pili ni kwamba kosa la mapema hurithiwa na seli nyingi. Seli moja ikiharibika kati ya nane, hiyo ni sehemu ya nane ya mwili mzima. Ikiharibika moja kati ya laki moja, huenda isijulikane kamwe.

Wafugaji wa trauti na samoni wanalijua hili kwa vitendo. Mayai yao hayaguswi kuanzia muda mfupi baada ya utungisho mpaka madoa mawili meusi ya macho yaonekane kupitia ganda. Kabla ya hapo, kutikisa ndoo kunaweza kuua kundi zima. Baada ya macho kuonekana, mayai hayo hayo hupangwa kwenye trei zenye unyevu na ubaridi na kusafirishwa kwa ndege kutoka bara moja hadi jingine.

Udhaifu huo wa mwanzo umegeuzwa kuwa zana pia. Ukilipa yai la trauti joto la ghafla au mgandamizo mkubwa dakika chache baada ya utungisho, seti moja ya kromosomu iliyopaswa kutupwa hubaki ndani, na samaki huzaliwa akiwa na seti tatu badala ya mbili. Samaki wa namna hiyo kwa kawaida ni tasa, na ndilo lengo la wafugaji wengi.

Joto linakiathiri vipi?

Kwanza hubadilisha mwendo. Trauti upinde (Oncorhynchus mykiss) huanguliwa baada ya siku 80 hivi katika nyuzi 4.5, siku 31 katika nyuzi 10, na siku 19 katika nyuzi 15.6. Wafugaji huzidisha siku kwa nyuzi ili kukadiria tarehe ya kuanguliwa. Ukipiga hesabu kwa namba hizo utapata 360, 310 na karibu 296, kwa hiyo kanuni hiyo ni ya makadirio, si sheria. Danio milia kwa kawaida hukuzwa katika nyuzi 28.5; hatua anayofikia kwa saa 24 katika joto hilo, katika nyuzi 25 humchukua saa 30 hivi.

Pili, joto lina mipaka, na mipaka ya kiinitete ni myembamba kuliko ya samaki mkubwa. Mwaka 2020 ulichapishwa uchambuzi wa aina 694 za samaki wa baharini na wa maji baridi, ukaonyesha kwamba viinitete, pamoja na samaki walio tayari kutaga, ndio wenye uwanja mdogo zaidi wa joto wanalolivumilia. Anayepima hatari ya ziwa kupata joto kwa kuangalia samaki wakubwa wanaoogelea vizuri anaangalia mahali pasipo na habari.

Karibu na mpaka wa juu, mambo huharibika kwa mpangilio unaotambulika: moyo kuvimba maji, uti wa mgongo kupinda, kichwa kuwa kidogo, kuanguliwa kabla ya wakati. Joto pia huongeza mahitaji ya oksijeni wakati huo huo maji yanapopoteza uwezo wa kuibeba. Maji yaliyojaa oksijeni katika nyuzi 10 hubeba takriban miligramu 11.3 kwa lita. Katika nyuzi 30 hubeba 7.5 tu. Msongo mmoja umezaa mwingine bila mtu kuongeza chochote.

Na ubaridi wa ghafla?

Inategemea kiinitete kinatoka wapi. Samoni hukua katika maji yanayokaribia kuganda. Samaki wa tropiki hufa, na wachanga hufa kwanza: kiinitete cha danio milia kilichoanza kugawanyika hakivumilii kupozwa sana, ilhali chenye umri wa siku moja huvumilia kwa muda fulani. Umri tena.

Oksijeni ikipungua, kiinitete hufanya nini?

Hapa ndipo penye mengi.

Oksijeni husafiri ndani ya maji kwa mtawanyiko polepole takriban mara elfu kumi kuliko hewani. Juu ya ganda la yai hukaa tabaka jembamba la maji yaliyotulia, na oksijeni hulazimika kulipenya hilo, kisha ganda, kisha majimaji ya ndani. Kwa hiyo kipimo cha oksijeni ulichokipata katikati ya mto hakikwambii yai lililofukiwa kwenye changarawe linapata nini. Mwendo wa maji kando ya yai una uzito sawa na wingi wa oksijeni iliyomo.

Mahitaji huanza madogo sana na kupanda kila siku. Kilele huwa muda mfupi kabla ya kuanguliwa: mwili ni mkubwa, misuli inafanya kazi, na ganda bado lipo. Hapo ndipo kiinitete hukosa hewa katika maji ambayo wiki moja nyuma yalikitosha. Kikishatoka kwenye ganda, kiwango cha chini anachoweza kukivumilia hushuka tena, kwa kuwa kikwazo kimeondoka.

Mbinu zake ni hizi. Hujipindapinda na kukoroga majimaji yanayokizunguka ndani ya yai. Hupunguza kasi ya ukuaji. Na kikiwa kimekaribia, hutoroka: seli za tezi ya kuangulia humwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha ganda kutoka ndani, na viinitete vya samoni na trauti vilivyokomaa huanguliwa mapema oksijeni ikishuka. Kilicho kichanga hakiwezi kutoroka, hivyo huchelewa. Ndiyo maana utasoma sehemu moja kwamba upungufu wa oksijeni huharakisha kuanguliwa na sehemu nyingine kwamba huchelewesha. Yote mawili ni kweli, yametazamwa katika umri tofauti.

Kutoroka mapema kuna bei. Kifaranga hutoka kikiwa kidogo, kizito kwa mfuko wa kiini, kisichojua kukimbia.

Je, kuna viinitete vinavyoweza kuishi bila oksijeni kabisa?

Vipo. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba kiinitete cha danio milia chenye umri usiozidi siku moja hivi kinaweza kukaa saa 24 bila oksijeni yoyote. Seli huacha kugawanyika, moyo husimama kama ulikuwa umeanza kudunda, kila kitu hutulia. Oksijeni ikirudi, kinaendelea pale kilipoachia. Lakini kikiwa na siku mbili, jaribio hilo hilo hukiua. Angalia basi: huu ni msongo ambao mchanga anaumudu kuliko mkubwa, kinyume kabisa na joto na mtikisiko. Neno "uvumilivu" halina maana likisimama peke yake.

Bingwa wa mchezo huu ni Austrofundulus limnaeus, samaki mdogo wa madimbwi ya Venezuela. Viinitete vyake vilivyolala huweza kukaa takriban miezi miwili bila oksijeni katika joto la nyuzi 25. Sidhani kama kuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo anayekaribia hapo katika joto kama hilo.

Kulala huko ni kupi? Mayai yanaishije dimbwi likikauka?

Huitwa diapozi: ukuaji husimamishwa kwa makusudi, mara nyingi kabla shida haijafika. Kundi linalojulikana zaidi ni samaki wa msimu wa Afrika na Amerika Kusini, wakiwemo jamii ya Nothobranchius wanaopatikana katika madimbwi ya mvua ya Afrika Mashariki na Kusini. Nothobranchius furzeri, wa Zimbabwe na Msumbiji, anaweza kupevuka ndani ya wiki mbili tu tangu kuanguliwa, kwa sababu dimbwi lake halimsubiri. Hutaga ndani ya tope, dimbwi hukauka, wazazi hufa wote, na ukoo mzima hubaki ardhini ukiwa mayai.

Mwaka 1972 mwanabiolojia John Wourms alieleza vituo vitatu vya kulala. Cha kwanza ni cha mapema sana: seli za kiinitete hutawanyika juu ya kiini zikiwa mojamoja, kisha baadaye hukusanyika upya kujenga mwili. Mpangilio huo haujulikani kwa samaki wengine. Cha pili ni katikati ya safari, kiinitete kikiwa na moyo na msingi wa uti wa mgongo. Cha tatu ni mwishoni, kifaranga kikiwa kamili ndani ya ganda kikisubiri mvua.

Cha pili ndicho kinachovutia watafiti wengi. Matumizi ya nishati hushuka kwa zaidi ya asilimia 80. Baadhi ya viinitete vya Austrofundulus katika hali hiyo vimeishi zaidi ya siku 100 kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 75 hivi, bila kulala majini kabisa. Wala havilali vyote. Katika kundi moja la mayai, vingine huruka kituo hiki na kwenda moja kwa moja, hasa kukiwa na joto zaidi. Mvua ya uongo ikinyesha na kukatika, vilivyowahi hufa na vilivyolala hubaki. Mvua ikiwa ya kweli, waliowahi hutaga kwanza. Ukoo umeweka dau pande zote mbili.

Maji yenye asidi yanafanya nini?

Huzuia kuanguliwa, hata pale ambapo kiinitete chenyewe kinaonekana kizima. Kimeng'enya cha kuyeyusha ganda hufanya kazi vizuri katika maji yasiyo na asidi au yenye ualkali kidogo. Maji yakishuka karibu na pH 5 au chini yake (pH ni kipimo cha asidi, na namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi), asidi hupenya ndani ya yai, kimeng'enya huzorota, na kiinitete kilichokomaa hufia ndani. Wengine hutoa mkia tu na kukwama hapo. Kumbuka pia kwamba pH 5 ina asidi mara kumi ya pH 6. Tofauti inayoonekana ndogo kwenye karatasi si ndogo majini.

Mvua ya asidi iliyotokana na moshi wa viwanda ilimaliza samaki katika maziwa mengi ya kusini mwa Norway na ya Sweden katika karne ya 20, na jambo lililowashangaza watu ni kwamba samaki wakubwa waliendelea kuonekana huku wadogo wakiwa hawapo. Aluminiamu iliyoyeyushwa kutoka kwenye udongo iliongeza madhara. Nchini Kanada, kuanzia mwaka 1976, kundi lililoongozwa na David Schindler lilitia asidi kidogo kidogo katika Ziwa 223 lililoko Ontario ili kuona nini kitatangulia kuharibika. Samaki mdogo Pimephales promelas aliacha kupata watoto pH ikiwa bado chini kidogo tu ya 6.

Hata hivyo samaki wa Rio Negro, katika bonde la Amazon, hutaga katika maji meusi yenye asidi ambayo yangewamaliza wengi. Mipaka ni ya kila aina.

Kiinitete kinatupa wapi amonia yake?

Protini ya kiini ikichomwa, amonia hubaki. Nyingi hutoka kwa mtawanyiko kupitia ngozi na ganda, ikisaidiwa na protini maalumu za kupitishia amonia. Maji ya nje yakiwa tayari na amonia, njia huziba.

Trauti ana mbinu ya ziada: kiinitete chake huwasha vimeng'enya vya kugeuza amonia kuwa urea, isiyo na sumu kali, uwezo ambao trauti mzima karibu hautumii kabisa. (Perege wa Ziwa Magadi, Kenya, ambaye maji yake yana pH ya takriban 10, hutoa urea maisha yake yote, lakini yule ni wa kipekee na maji yake ya magadi si maji baridi.)

Amonia yenye sumu ni ile isiyo na chaji. Katika nyuzi 25, sehemu hiyo ni chini ya asilimia 1 kwenye pH 7, lakini hufika takriban asilimia 36 kwenye pH 9. Anayepandisha pH ya maji yenye uchafu mwingi ili kuokoa mayai dhidi ya asidi anaweza kuyaua kwa amonia.

Metali na kemikali nyingine je?

Shaba, zinki na kadimiamu huua zaidi katika maji laini kuliko katika maji yenye kalisi nyingi, kwa kuwa kalisi hushindana nazo kwenye milango ya seli. Kipimo cha shaba bila kipimo cha ugumu wa maji hakikamiliki.

Kuna sumu nyingine isiyopita kwenye ganda kwa sababu imeshaingia kabla ganda halijafungwa. Ziwa Belews, North Carolina, Marekani, lilipokea maji ya majivu ya makaa ya mawe yenye seleniamu kuanzia miaka ya 1970. Kati ya aina 20 za samaki zilizokuwemo, 19 zilitoweka. Seleniamu ilipita kwenye chakula, ikaingia kwa mama, naye akaiweka ndani ya kiini cha yai kama sehemu ya protini. Viinitete vilikula sumu hiyo kutoka kwenye mfuko wao wenyewe na kutoka na migongo iliyopinda na vichwa vilivyoharibika. Ukipima maji tu, kisa kama hiki kinakupita.

Mwanga wa jua unadhuru?

Kwa walioumbwa kukaa gizani, ndiyo: mayai ya trauti na samoni hudhurika kwa mwanga mkali, na ndiyo maana trei zao hufunikwa. Samaki wanaotaga mahali peupe hujikinga kwa melanini na kwa kimeng'enya kiitwacho fotolaizi, kinachotumia nguvu ya mwanga wenyewe kurekebisha DNA iliyoharibiwa na miale ya urujuanimno. Sisi binadamu hatuna kimeng'enya hicho.

Tope linaua vipi ikiwa haliingii kwenye yai?

Kwa kuziba. Hujaza nafasi kati ya mawe, maji huacha kupita, oksijeni huisha na amonia hukaa. Vilevile kifaranga kilichoanguliwa hukosa upenyo wa kutokea.

Mama anaweza kufanya nini kuwasaidia?

Mengi hufanyika kabla ya kutaga: RNA, homoni, kingamwili, vitamini. Upungufu mmoja tu unatosha. Tangu mwaka 1974 samoni wa Baltiki wamekuwa wakipatwa na tatizo liitwalo M74, ambapo vifaranga hufa wakiwa na mfuko wa kiini kwa kukosa thiamini, yaani vitamini B1. Ukiwaogesha vifaranga katika maji yenye thiamini, wengi hupona. Tatizo kama hilo limeonekana pia kwa samoni na trauti wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, ambako chakula chao kikuu kilikuwa samaki mwenye kimeng'enya kinachoharibu thiamini.

Baada ya kutaga, wengine huondoka na wengine hubaki. Sato (Oreochromis niloticus) hubeba mayai mdomoni na kuyageuzageuza, hivyo huyapa oksijeni na kuyasafisha. Dume la aina nyingi hupepea kiota kwa mapezi. Copella arnoldi wa Amerika Kusini hutaga juu ya majani nje ya maji, oksijeni isikopungua, na dume hukaa chini akiyarushia maji kwa mkia yasikauke. Mayai ya sato yakitolewa mdomoni yanahitaji chombo kinachoyazungusha polepole. Yakiachwa yametulia chini, huharibika.

Nikiona mayai yameota fangasi, ndiyo msongo uliyaua?

Mara nyingi mayai yalikufa kwanza. Saprolegnia, kiumbe wa majini anayefanana na fangasi, huanzia kwenye mayai yaliyokufa au yasiyotungishwa, kisha nyuzi zake huyafunika ya jirani na kuyanyima oksijeni. Ondoa yaliyopauka mapema, na utafute kilichoyaua.

Kiinitete kikinusurika, samaki anatoka salama?

Si lazima. Upungufu wa oksijeni wakati wa ukuaji umeonekana kuongeza idadi ya madume kwa danio milia. Joto nalo huacha alama ya kudumu: utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba danio milia waliokuzwa katika joto tofauti wakiwa viinitete walitofautiana wakiwa wakubwa katika uwezo wa misuli yao kuzoea ubaridi. Alama hiyo si hasara kila mara. Lakini jedwali linaloishia kwenye "asilimia ya walioanguliwa" limefungwa mapema mno, na kwa maoni yangu tafiti nyingi zinaishia hapo kwa sababu ni rahisi kuhesabu.

Kwa nini watafiti hupima sumu kwa viinitete?

Ni vidogo, viangavu, vingi, na katika sheria za nchi nyingi havihesabiwi kuwa wanyama wa majaribio mpaka vianze kujilisha. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, ilipitisha kipimo namba 236 mwaka 2013: viinitete vya danio milia hukaa saa 96 katika maji yenye kemikali, na kifo hutambuliwa kwa dalili nne, ambazo ni yai kuganda, kukosa vipingili vya mwili, mkia kutojitenga na mfuko wa kiini, na moyo kutodunda. Ni kipimo kizuri. Udhaifu wake mkubwa ni ganda: kemikali yenye molekuli kubwa inaweza kuonekana salama wakati ukweli ni kwamba haikuingia.

Viinitete vya samaki vinaweza kugandishwa kama vya ng'ombe?

Kwa shida sana. Utando ule ule unaookoa yai lisivimbe ndio unaozuia dawa za kukinga dhidi ya barafu zisiingie, na kiini kikubwa hupoa na kupata joto polepole mno, hivyo fuwele za barafu hupata nafasi ya kukua. Mwaka 2017 watafiti walifaulu kurudisha hai baadhi ya viinitete vya danio milia vilivyogandishwa, baada ya kuvichoma sindano ya dawa hizo pamoja na chembe ndogo sana za dhahabu, kisha kuvipasha kwa leza kwa sehemu ndogo ya sekunde. Waliopona walikuwa wachache.

Ni kweli mayai ya samaki yanaweza kupita tumboni mwa bata na yakaanguliwa?

Ni kweli, ila ni machache mno. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020, bata mwitu walilishwa mayai ya aina mbili za karpi, na takriban asilimia 0.2 yalitoka mazima. Mengi ya hayo yalikuwa na kiinitete hai, na machache yalifikia kuanguliwa. Kwa kuwa karpi jike mmoja hutaga mayai kwa malaki na bata hula mayai ya samaki kila msimu, asilimia hiyo inatosha kupeleka samaki kwenye bwawa ambalo hakuna mtu aliyewapandikiza.